Mkono ni Mkono

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza kwenye mnada. Naandika hivi mwanzoni ili mjue mnasoma maneno ya nani. Miaka ishirini na moja nimesimama kwenye jukwaa la mnada wa vijana hapa Durban. Nimeuza mbuzi aliyekula karatasi ya bei yake mwenyewe. Nimeuza keki iliyokaliwa na mama mmoja wa Morningside, mtaa wa matajiri, ikapata bei kubwa kuliko keki nzima iliyoitangulia. Nimeuza jogoo akiwa juu ya paa, ametoroka, na mnunuzi akalipa kabla hajamshika. Watu wananiita Papa Nyundo. Jina hilo sikujipa mwenyewe, lakini pia sikulikataa.

Nimestaafu mwezi uliopita kwa sababu ya koo. Daktari aliingiza kamera yake, akatazama, akasema sauti yangu imebaki ya kuongea tu, si ya kupigia kelele. Nikamwambia mimi sikuwahi kupiga kelele, nilikuwa nauza. Sasa nyinyi mnaobaki kazini mmeniomba niandike. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute hapa mkato na nukta. Tafuteni kazi.

Kwa mgeni niseme kwanza mnada wenyewe ni nini. Kila mwaka, wakati wa maonyesho, watoto wa shule na wa makanisa wanaleta wanyama waliowalea kwa mikono yao: kuku, mbuzi, kondoo, wakati mwingine maksai. Wanaleta pia chakula walichopika, keki na jemu na achari ya maembe. Watu wa mji wanashindania bei na fedha inakwenda kwa mtoto. Iko na desturi moja nzuri inaitwa kurudisha: mnunuzi analipa, halafu anamrudisha mnyama pale pale auzwe tena, mtoto apate mara mbili. Anayerudisha anapigiwa makofi mpaka masikio yanamuwasha. Miaka yangu yote ya jukwaani mimi sikuwahi kurudisha. Dalali akiwa jukwaani haruhusiwi kununua, na tena sikuwa mwendawazimu.

Nilifika mji huu kutoka Uvira na begi moja. Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa Clairwood, kuosha malori yanayobeba mifugo. Mavi ya kondoo yakikauka ni saruji, hilo halifundishwi shuleni. Siku moja dereva alikosa msaidizi akanichukua kwenda kushusha kondoo kwenye maonyesho. Kondoo wakagoma mlangoni pa lori. Dereva akawabembeleza, akawatukana kwa Kizulu, akawasukuma, hakuna. Mimi nikasimama nyuma yao nikatoa ile sauti niliyokuwa nawaitia ng'ombe wa babu yangu mlimani. Walishuka wote ishirini kwa mpigo, na mmoja akapita kati ya miguu ya dereva.

Chini ya hema alikuwa amekaa mzee wa Kihindi anakunywa chai. Huyo ndiye Anko Deva, dalali wa mnada. Akaweka kikombe chini.

"Wewe. Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Congo, anko."

"Iko nyingine kama hiyo huko?"

"Hapana, anko. Ilikuwa hii tu."

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa maneno arobaini, na unaona jinsi nilivyoyatumia. Wiki iliyofuata sikurudi kwenye malori.

Anko Deva alinifundisha mwaka mzima kabla ya kunipandisha jukwaani, na siku niliyopanda niliharibu. Kulikuwa na mbuzi, bei imefika one thousand. Nyuma kabisa kijana mmoja Mkongomani anayeuza simu akapaza sauti, "Mille cinq!" Kwetu kila mtoto anajua maana yake ni fifteen hundred. Lakini mimi, kwa woga na kwa haraka, nikatafsiri neno kwa neno nikatangaza one thousand and five. Uwanja mzima ukacheka. Mtu mwingine akasema one thousand and fifty, nikapiga nyundo. Kijana wa simu akaja mbele amekasirika.

"Papa, mimi nilisema fifteen hundred. Wewe ni Mkongomani gani?"

Nikamgeukia Anko Deva nikidhani atafuta biashara ile. Hakufuta. Alisema nyundo ikishalia imelia. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akahesabu four hundred and fifty, ile tofauti, akampa mtoto mwenye mbuzi. Nikauliza kwa nini alipe yeye na kosa si lake.

"Nyundo haiwezi kukosea," akasema. "Ikikosea, dalali analipa. Na kingine: bei inasemwa kwa lugha ya pesa yenyewe. Rand haijui Kifaransa."

Tangu siku ile, hata nikiongea Kiswahili na mke wangu chumbani, rand nazitaja kwa Kiingereza. Na ninyi mfanye hivyo hivyo.

Nyundo ninayowaachia ni ile ile ya Anko Deva. Aliichonga kutoka kwenye kifimbo cha kusukumia chapati cha mke wake, baada ya kifimbo kuvunjika katika mazingira ambayo hakupenda kuyaeleza. Ni nyepesi. Msiibadilishe na kubwa. Nyundo kubwa inamfanya dalali ajisikilize, na dalali anatakiwa amsikilize mtu wa mstari wa nne ambaye bado anafikiri.

Kusoma wanunuzi ndiyo kazi, mengine yote ni mdomo. Baba wa Kizulu anayetaka ng'ombe hatazami ng'ombe. Anatazama mawingu, anauliza habari za mvua, na kidole chake kimoja kinainuka kama kinafukuza nzi. Wamama wa Morningside wananunua jemu bila kuuliza bei, wanauliza tu kama ina sukari. Ni jemu. Wenye malori wa Clairwood wanaingia mwishoni, wakati wengine wamechoka, kwa hiyo msichoke mapema. Na msiulize jina la mbuzi kabla ya kupiga nyundo. Nilifanya hivyo mara moja. Mtoto akasema anaitwa Princess, na kuanzia hapo hakuna aliyetaka kumla.

Mtoto akilia wakati mnyama wake anauzwa, msisimamishe bei. Mwacheni alie, bei inapanda. Nasema hivi si kwa ukatili. Mimi mwenyewe nilikuwa na kitambaa mfukoni, cha mtoto, si changu.

Sasa nifike kwa Mama Consolata, kwa sababu mkiuliza mtu yeyote kuhusu mimi, atawasimulia hii.

Wakati ule Anko Deva alikuwa ameshastaafu na jukwaa lilikuwa langu peke yangu. Tulikuwa tumeanza kuwaita kwaya za vijana waimbe kando ya zizi, watu wasilale baada ya chakula. Nilikuwa nauza kondoo jike, bei iko one thousand, watu wamenyamaza. Kwaya ya kanisa moja la Warundi na Wakongomani ikaanza wimbo wa shukrani. Katikati ya viti, mama mmoja akafumba macho, akainua mkono wa kulia juu kabisa, umefunguka.

Dalali gani ataacha mkono kama ule? Nikasema eleven hundred, ya kwanza, ya pili, nyundo.

"Hongera mama. Kondoo ni wako."

Akafumbua macho. "Kondoo gani?"

"Huyu hapa. Eleven hundred."

"Papa, mimi nilikuwa nasifu."

"Ulisifu kwenye bei, mama."

"Nilimwinulia Mungu mkono. Sikukuinulia wewe."

"Mungu hajaandikishwa hapa kama mnunuzi," nikasema, na uwanja ukalipuka kwa kicheko. "Mama, mkono ni mkono."

Yeye hakucheka. Alikuwa Mrundi, anasuka nywele kwenye saluni ndogo Isipingo, karibu na kituo cha taxi, na alikuja tu kumsikia binti yake wa miaka tisa akiimba. Ile eleven hundred ilikuwa kodi ya kiti chake cha saluni. Wakubwa wa ofisi wakaniambia tufute. Nikakataa. Nilisema nikifuta leo, kesho kila mtu atakuwa alikuwa anasifu. Alilipa nusu siku ile, nusu baada ya wiki mbili, na kondoo akapanda pikapu kwenda Isipingo. Ile nusu ya pili ya somo la Anko Deva, ile ya dalali kulipa, nilikuwa nayo kichwani. Niliiacha huko huko kichwani.

Kondoo alikaa nyuma ya saluni. Inasemekana alikula meshi, yaani nywele za kusukia, za wateja wawili, moja nyeusi na moja ya rangi ya divai. Baada ya miezi miwili akazaa mapacha. Mtoto aliyemleta mnadani hakujua kama ana mimba, mimi sikujua, na Mama Consolata alikuwa amedhani tumbo limejaa zile meshi. Binti yake, Belise, akawalea wale wanakondoo, akawaleta mnadani mwaka uliofuata, nikawauza kwa bei ambayo hata mimi nilijipongeza. Mwaka uliofuata akaja tena, na mwingine tena.

Mama yake alikuja kila mara. Alikaa mstari wa mbele, mbele yangu kabisa, akaikalia mikono yake. Miaka kumi na tano. Kwaya ikiimba alitingisha kichwa, alitingisha mabega, wimbo ukimzidi alipiga miguu chini, lakini mikono ilibaki chini ya makalio. Watu wapya walidhani ni mgonjwa.

Ofisi wakaleta wazo la kadi zenye nambari, kila mnunuzi ainue kadi yake. Nikalipinga kwa nguvu zote. Nilisema kadi inasahaulika nyumbani, mkono hausahauliki. Nililishinda wazo hilo, na nitawaambia mbele faida yake.

Belise, ambaye huniita tonton, yaani mjomba, alipofika miaka ishirini na moja alinifuata kwenye banda la chai.

"Tonton, nataka jukwaa."

"Jukwaa gani?"

"Lako. Si leo. Nataka unifundishe."

Nikacheka. Nikamwambia huku kuna mabosi wa malori, kuna wakulima wanaotafuna maneno, watamla. Akasema, "Mama yangu ulimla na hakuisha." Nikaacha kucheka nikaagiza chai ya pili.

Miaka mitatu nilimfundisha. Nilimsimamisha Clairwood kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ataje nambari za malori yanayopita, kwa sauti, bila kurudia, mpaka madereva wakawa wanampigia honi. Fifteen na fifty, alijifunza kuzitamka mtu wa mbali asikosee. Nilimfundisha kunywa maji ya vuguvugu na kusimama na uzito kwenye miguu yote miwili. Zaidi ya yote nilimfundisha sheria moja, nikamwambia hiyo haina ndugu wala rafiki: mkono ni mkono.

Siku yangu ya mwisho niliuza mpaka saa saba. Ofisi wakanipa bahasha mbele ya watu, ten thousand ndani, na Mama Aline, mke wangu, alikuwa ameshaichagua friji. Kisha nikampa Belise ile nyundo auze vilivyobaki. Nikashuka nikaenda kukaa kwenye benchi la wanunuzi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kushoto Mama Aline, kulia Mama Consolata, ameikalia mikono yake kama kawaida.

Kitu cha kwanza cha Belise kilikuwa chupa sita za achari. Bosi mmoja wa malori mwenye kofia ya kahawia, ambaye zamani niliosha malori yake, aliinua kidole kwenye four hundred. Hakuna aliyeongeza. Nyundo ikalia.

"Hapana, binti," akasema bosi, anatabasamu. "Nilikuwa nakuna sikio."

Huo ulikuwa mtihani, kila mtu alijua. Dalali mpya akikubali kufuta mara moja, amekwisha. Watambembeleza kila bei mpaka uzeeni.

"Bosi," akasema Belise, "mkono ni mkono."

"Na hiyo sheria ni ya kila mtu, au ni yetu tu?"

"Ya kila mtu."

"Tutaona," akasema bosi. Alilipa, lakini akawageukia wenzake na nikasikia minong'ono. Mmoja alisema ngoja kitu kikubwa kije, huyo msichana atatetemeka. Mimi ambaye sishangazwi na kitu nilikuwa nimeshika goti la mke wangu.

Kitu kikubwa kikaja mwishoni kabisa. Maksai mweusi, paji la uso jeupe, amelelewa na Thandeka, binti wa Kizulu wa miaka kumi na sita. Belise alianzia eight thousand. Alipanda vizuri, hakukimbia, aliwapa nafasi wale wanaofikiri. Thirteen thousand, thirteen thousand five hundred, kwa mkato wetu thirteen five. Akanyamaza kidogo, kama nilivyomfundisha, kuuacha uchu uwashike.

Kiongozi wa kwaya alisikia ule unyamavu akadhani maksai ameshauzwa. Walikuwa wamenitungia wimbo wa kuniaga na walikuwa wanausubiria. Wakaanza. Asante Papa Nyundo, asante baba yetu, sauti nne, ngoma ndogo. Nyuso zote uwanjani zikanigeukia mimi, zinacheka kwa furaha, na wengine wakasimama.

Mtu wa aina yangu, akitazamwa hivyo, anafanya nini? Nilisimama. Koti nikalivuta vizuri. Nikainua mkono wa kulia juu kabisa, umefunguka.

"Thirteen eight," akasema Belise.

Nilidhani anatania. Nikaendelea kupunga.

"Thirteen eight kwa papa aliyesimama. Ya kwanza."

Mkono ukabaki hewani, sikujua niupeleke wapi. Kwaya ikakatika, sauti moja baada ya nyingine, ngoma ikawa ya mwisho. Belise alinitazama machoni. Yule bosi wa kofia ya kahawia alikunja mikono kifuani, akanitazama mimi, akamtazama Belise, akanitazama mimi tena.

"Ya pili."

Hapo alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko nilivyomfundisha, akitafuta mkono mwingine popote uwanjani wa kuniokoa. Haukuwepo. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kidogo, nyundo haikutetemeka.

Ikalia.

Kulia kwangu nikasikia sauti ya Mama Consolata, ya upole kabisa. "Hongera papa. Maksai ni wako." Kisha akaongeza, "Utasema ulikuwa unasifu?"

"Baba Aline," mke wangu akaninong'oneza, "sema ulikuwa unasalimia."

"Nilikuwa nasalimia kweli."

"Basi sema. Friji yangu hiyo."

Belise akauliza kama dalali anavyotakiwa kuuliza, kwa sauti ya kufika nyuma: "Jina la mnunuzi?"

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nilikuwa nasalimia, na kila mtu pale angenielewa. Wangecheka, maksai angeuzwa upya, na jioni tungeenda kuchukua friji. Na kesho yake yule bosi angekuna sikio lake tena, na kesho kutwa, na kila mwaka.

"Andika Papa Nyundo," nikasema.

"Jina la kwenye kitambulisho, tonton."

Uwanja ukacheka, nami nikalitaja. Ningeishia hapo, ingetosha. Lakini watu walikuwa wameanza kupiga makofi, na mimi na makofi tunajuana. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Na andika kurudisha."

Mama Aline alifunika uso kwa mikono miwili. Hiyo haikuhesabiwa kama bei, nashukuru.

Belise akageuka, akavuta pumzi, akaanza upya. Kabla hajataja bei, bosi wa malori alivua kofia yake ya kahawia akaiinua juu, mkono mzima, mpaka kiwiko.

"Fourteen thousand," akasema. "Na sikuni kitu chochote."

Hakuna aliyeshindana naye. Nyundo ilipolia, alimvulia Belise kofia mara ya pili, na hiyo haikuwa bei. Tangu saa ile mpaka maonyesho yalipofungwa sikusikia mtu akikuna sikio kwenye mnada wake. Thandeka alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniuliza, "Baba, unataka kujua jina lake?" Nikamwambia hapana, binti yangu, tafadhali.

Dirishani nililipa ile bahasha yote na iliyobaki kwa kadi. Nikatoa tena eleven hundred, nikamtafuta Mama Consolata. Alikuwa bado amekaa pale pale.

"Ya kondoo," nikamwambia. "Anko Deva alinifundisha, nilichelewa kidogo."

"Kondoo alishajilipa mwenyewe, papa," akasema, huku anahesabu. Aliiweka kwenye mkoba. Kisha akatazama jukwaani, akaona binti yake ameifunga nyundo kwenye kitambaa chake.

"Imelala?" akaniuliza.

"Imelala, mama."

Akatoa mikono yote miwili, akaitazama, akaiinua juu mpaka vidole vikanyooka, akafumba macho. Kwaya walikuwa wanakunja magauni yao kuondoka. Wakarudi.

Hivyo nawaambia tena, hakuna kinachoweza kunishangaza. Na kwa wale wanaopenda kujua: maksai niliyekuwa naye dakika nne, kondoo wa miaka kumi na tano iliyopita, na chupa ya maji niliyoinunua mlangoni kwa sababu koo lilikuwa limekauka, vyote pamoja, fourteen thousand nine hundred and twenty rand.